Mikate Inayonuka Petroli

Mwenye bekari hakugomba, na hicho ndicho kilichomtia mume wangu hofu. Angegomba, alisema, angejua pa kuanzia kujitetea. Lakini yule mzee alichukua mkate uliorudishwa na mwenye duka mmoja, akaumega katikati, akaunusa, akamsogezea na yeye aunuse, kisha akaulaza mezani taratibu.

"Kijana," akamwambia, "mimi nauza mkate. Petroli wanauza wenzangu kule barabarani. Nakupa wiki hii uitengeneze pikipiki yako. Wiki ikiisha na mikate bado inarudi, njia yako nitampa mwingine, na tutaagana vizuri."

Mume wangu alinihadithia haya akiwa mlangoni, kofia ya pikipiki bado kichwani, mimi nikiwa namuogesha Kijino kwenye beseni. Kijino ni binti yetu. Ana jina lake la cheti, ila jino lake la kwanza lilikaa peke yake muda mrefu hata majirani wakambatiza, nasi tukazoea. Kwa hiyo mimi ni Mama Kijino na yeye ni Baba Kijino, hata tukiwa tumenuniana.

"Na wewe ulipounusa ulisikia nini?" nikamuuliza.

"Mkate."

"Mkate tu?"

"Mkate tu, tena wa moto. Nikamwambia ndiyo bosi, unanuka, ili yaishe."

Nikacheka, naye akacheka kidogo, lakini kofia hakuivua.

Ile pikipiki ilikuwa ya mjomba wake. Mjomba alipoanza kuona ukungu machoni akamwachia, na wakati huo tayari ilikuwa imezeeka. Kila kitu juu yake kilishabadilishwa, taa, siti, hadi breki, isipokuwa tangi. Nyuma tulifunga keria ya chuma, na juu ya keria kreti la mbao alilochonga seremala wa mtaani kwetu. Ndani ya kreti natandika kitambaa cheupe ninachokifua mwenyewe kila siku. Alfajiri anapakia mikate, anazunguka maduka, anarudi bekari, anapakia tena. Kodi ya chumba, maziwa ya mtoto, masomo yangu ya jioni, vyote vilipanda lile kreti kila alfajiri. Njia ile ikienda, hatukuwa na mbele wala nyuma.

Na pikipiki ilikuwa inalala ndani, nasi. Kulikuwa na jirani aliyeifunga yake kwenye nguzo ya kibaraza kwa mnyororo mnene, asubuhi akaukuta mnyororo na nguzo. Tangu hapo yetu ikawa inaingizwa chumbani kila jioni, inasimama kati ya mlango na kitanda, na ukitaka kwenda kulala unapita ubavu ubavu. Mimi nilishaisamehe. Usukani wake ndio uliokuwa unaanikiwa nepi siku za mvua. Kupika napikia nje, maana moto na pikipiki havikai chumba kimoja, hilo tulilijua.

Basi tukaanza kutafuta panapovuja. Tulikuwa tunatafuta jioni, kwa sababu jioni ndiyo wakati tuliokuwa nao. Yeye anarudi alasiri, anajinyoosha kidogo, akiamka anaitoa pikipiki kibarazani kabla giza halijaingia. Anapitisha kitambaa kingine cheupe, cha kupangusia, kwenye mpira wa mafuta toka juu mpaka chini. Kikavu. Anapitisha chini ya koki, pale mafuta yanapofunguliwa kwenda kwenye injini. Pakavu. Anazungusha kitambaa chini ya kabureta, anakitoa kina vumbi na oili, petroli hakuna. Akanunua mpira mpya na klipu zake, akaufunga, akakaa kitako akiuangalia kwa muda.

Kesho yake maduka mawili yakarudisha mikate.

Akamwita fundi, rafiki yake, ambaye mtaa mzima unamwita Spana. Spana alichuchumaa, akagonga tangi kwa ukucha, akafungua koki, akatoa kimpira cha ndani na kuweka kingine.

"Shemeji," akaniambia, "hii pikipiki ni kama wale wagonjwa wanaopona wakifika kwa daktari. Mimi sijaona tone."

"Sasa mikate inanuka nini?"

"Labda hao wenye maduka wana mimba."

"Spana, sina hamu ya mzaha."

"Najua, shemeji. Ndiyo maana nautia mimi."

Kesho yake mkate ukarudi tena. Mume wangu akaanza kupunguza maneno. Anakula nusu sahani, iliyobaki anamsogezea Kijino aichezee. Nikirudi darasani namkuta kibarazani anakiangalia kile kitambaa cheupe kama anayesoma, mtoto kamlalia kifuani. Nikamwambia tusivunjike moyo, wiki haijaisha. Akaniambia, "Mama Kijino, labda ni mimi ninayevuja."

Wazo la poda lilitoka kwa mtoto. Nilikuwa nimempaka baada ya kuoga, akajikojolea kabla sijamfunga nepi, na ule mkojo ukapita kwenye poda ukaacha njia, unaona kabisa ulipoanzia na ulikoelekea. Nikalichukua lile kopo la poda hivyo hivyo nikatoka nalo nje. Tukaipaka pikipiki poda kila mahali, tangi, mpira, koki, kabureta, chini ya siti, mpaka ikawa nyeupe kama mzimu. Tukaiingiza ndani, tukalala na matumaini. Asubuhi poda ilikuwa kama tulivyoiacha, hata doa moja haikuwa nalo. Ilinukia mtoto.

Mume wangu aliifuta akaenda kazini.

Mchana nilikuwa nafua kitambaa cha kreti cha jana, nikitamani kujilaza hapo hapo kwenye beseni. Nikageuza ndoo nimwage maji machafu, nikaona sehemu yenye ufa wa zamani ambao tumekuwa tukiuacha kwa sababu upo juu, karibu na mdomo. Ndoo ile haivuji mpaka uijaze sana. Nikasimama na ndoo mkononi.

Aliporudi sikumwacha hata akae.

"Petroli unaweka saa ngapi?"

"Alfajiri, pale pampu, kabla sijafika bekari. Si unajua."

"Unajaza?"

"Najaza. Njia ndefu ile."

"Na ukirudi hapa tangi linakuwa na kiasi gani?"

"Kidogo tu, ya kunifikisha pampu kesho." Nikamwona linamwingia pole pole, uso mzima. "Tunalitafuta tundu tangi likiwa tupu," akasema.

"Tupu, karibu tupu."

"Wiki nzima." Akashika kichwa. "Wiki nzima napangusa pakavu."

Siku ya mapumziko ya bekari tulikwenda pampu wote watatu, mimi nimembeba Kijino mgongoni na kopo la poda mkononi. Dada wa pampu alimjazia mume wangu mpaka juu. Tukaisukuma mbali na pale, hadi kwenye kivuli cha ukuta wa nyuma, nikafungua kopo nikaanza kupaka. Yule dada akatufuata.

"Jamani, mnaipeleka wapi? Inaolewa?"

"Inatafutwa ugonjwa, dada," nikamjibu.

"Basi mpakeni na wanja."

Alibaki hapo hapo, kiuno kakishika, akisubiri kama sisi. Hatukusubiri sana. Nyuma kabisa ya tangi, juu, pale mabati mawili yanapoungana chini ya ulimi wa siti, poda ilianza kuwa ya kijivu. Kisha ukashuka mstari mwembamba, mfano wa chozi kwenye uso wa mtoto aliyepakwa poda, ukapita chini ya siti, ukafuata chuma cha fremu, ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye keria. Mume wangu akaingiza mkono chini ya kreti. Mbao za chini zilikuwa na unyevu.

"Nilikuwa napapasa mbele," akasema. "Kumbe inavuja nyuma, inaingia kwenye mkate wenyewe." Halafu akanishika bega, mbele ya watu, jambo ambalo halifanyi. Dada wa pampu akamwambia, "Huyo mkeo usimwache," naye akasema, "Simwachi." Siku ile ilikuwa nzuri. Nairudia mara nyingi kichwani.

Spana alimwaga mafuta, akalivua tangi, akalikausha, akaukwangua ule ufa mpaka chuma kikang'aa, akaujaza gundi ya chuma. Tukaliacha kwake likauke. Mimi nikalichukua kreti. Nililisugua kwa sabuni ya mche na brashi ya sakafu, nikalisuuza, nikalisugua tena kwa ndimu, nikaliweka juani, jua likihama nalihamisha. Jioni niliingiza kichwa chote ndani nikavuta pumzi. Ndimu na mbao. Nikamwita mume wangu naye akaingiza kichwa chake. "Hakuna kitu," akasema. Akanusa tena pembeni kote, kona hadi kona. "Hakuna kitu kabisa." Tangi likarudi, likajazwa, tukalipaka poda kwa mara ya mwisho, likakaa kavu. Nikatandika kitambaa kipya. Wiki ya yule mzee ilikuwa inaisha kesho yake, na sisi tulikuwa tumemaliza.

Aliondoka na shati lililopigwa pasi. Akarudi asubuhi hiyo hiyo, jua halijafika hata kwenye kibaraza, kreti likiwa tupu na kitambaa changu kikiwa kama nilivyokikunja.

"Kasema bado," akaniambia.

"Bado nini?"

"Bado linanuka. Kaingiza kichwa, kakitoa, kasema bado. Nikamwambia bosi, tumeliosha kwa ndimu. Kasema kijana, pole sana." Akaketi kwenye kizingiti. "Anatafuta sababu. Kulikuwa na mtu pale ana pikipiki ya miguu mitatu, mpya, ina sanduku la bati. Mikate yangu ilikuwa inapakiwa humo nikiwa namwangalia. Walishakubaliana zamani hao. Anasema linanuka ili mimi ndiye nionekane mbaya."

Nilimwamini. Pua yangu ilikuwa shahidi. Hasira ilinipanda, ile ambayo mtu anaipata akijua kabisa ana haki, nikamfunga Kijino mgongoni, nikalitwaa lile kreti, nikaliweka kichwani. Mume wangu akaniambia niache, nitajidhalilisha. Nikamwambia naenda kumwuliza tu, kistaarabu.

Bekari haiko mbali. Ukikaribia unaanza kupata harufu ya hamira na sukari inayoungua kidogo, na siku zote nilikuwa naipenda. Mwenye bekari alikuwa kwenye kaunta, unga hadi kwenye nyusi, binti yake pembeni akifunga mikate kwenye karatasi. Nikamsalimu, "Shikamoo, mzee," akaitikia vizuri. Nikalitua kreti juu ya kaunta.

"Mimi ni mke wa kijana wa pikipiki," nikamwambia. "Sikuja kugombana. Hili kreti nimelisugua kwa mikono yangu, na ufa tumeupata na umezibwa. Naomba ulinuse tena mbele yangu. Kama kuna mtu umeshampa njia, tuambie tu, tutaelewa. Lakini usiseme linanuka."

Hakukasirika. Alilisogeza, akainama, akanusa. Akamwita binti yake, naye akanusa, akarudi nyuma haraka akaikunja pua.

"Petroli," akasema yule binti. "Baba, hata bila kuinama."

"Mimi sisikii," nikasema.

Mzee akazunguka kaunta akaja upande wangu, akasimama karibu, si karibu sana, kama daktari anayesita kukuambia jambo.

"Mwanangu, hiyo pikipiki mnailaza wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Chumbani. Nje wanaiba."

"Na nyinyi mnalala wapi?"

Nikaupeleka mkono mgongoni, nikamshika Kijino mguu.

"Usichukie," akasema kwa sauti ya chini, binti yake asisikie. "Hata wewe unanuka. Nguo zako. Na mtoto. Ulipoingia tu mlangoni, nilijua umetoka kwa kijana wa pikipiki kabla hujasema. Nadhani pua zenu zimeshaizoea. Mimi mwenyewe siku hizi sisikii mkate. Wateja wanapita wanasema harufu nzuri, mimi sisikii kitu, naweka mkate mdomoni ndipo najua."

Nikamwambia tutaitoa ndani. Tutachonga kreti jipya. Nikamwomba wiki moja, halafu siku chache tu. Maneno yalikuwa yananitoka hata sijui ninayapanga vipi. Alikuwa anatikisa kichwa muda wote, si kwa ukali.

"Yule mwenzenu keshaanza leo. Nimemwahidi. Na wale wenye maduka hawamtaki mumeo tena, si mimi. Wakimwona tu wananusa, hata mkate ukiwa mzuri. Hilo siwezi kulitengeneza."

Akanipa mkate wa moto, kaufunga mwenyewe kwenye karatasi. Sikutaka kuupokea, nikaupokea. Binti yake akanisaidia kulitwika kreti kichwani, naye kwa adabu alikuwa ameugeuza uso wake pembeni, kama anatazama kitu kingine.

Njiani sikulia. Nilipofika kwenye ukuta ambao hauna watu, nilimshusha Kijino nikamnusa. Utosi, shingo, nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya mapaja. Tangu azaliwe nilikuwa najisifu moyoni kwamba mtoto wangu ananukia kuliko watoto wote. Alinukia vile vile, maziwa na poda na jasho tamu. Nikamnusa tena. Hakukuwa na kingine, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu sikuwa tena na njia ya kujua. Nilianza kuwakumbuka wanawake wa darasani ambao walikuwa wanapenda kukaa karibu na dirisha. Nilidhani wanafuata upepo. Kijino alidhani tunacheza, akanishika pua.

Nilipanga nimwambie mume wangu kwamba ni kweli, yule mzee alishampa mtu mwingine, basi. Ingekuwa rahisi kwake. Mtu aliyeonewa anaweza kulala. Lakini nilimkuta kibarazani, anaifuta ile pikipiki inayong'aa, amejipanga kuniuliza, nikashindwa kumdanganya.

"Linanuka," nikamwambia. "Na sisi tunanuka. Na Kijino."

"Nani kasema?"

"Yeye. Na binti yake. Tumezoea, Baba Kijino. Hatusikii."

Aliuinua mkono wake akaunusa, kiganja, kisha nyuma ya kiganja. Akanusa kola ya shati lake la pasi. Akamchukua mtoto toka kwangu, akaweka uso wake kwenye nywele zake, akakaa hivyo muda mrefu bila kuuinua.

"Nasikia mtoto tu," akasema.

"Na mimi."

Jioni aliisukuma pikipiki mpaka kwa Spana, ambaye ana ua wenye geti. Spana akakubali ilale huko mpaka tupate la kufanya. Mume wangu alimuuliza Spana kama ananuka. Spana, ambaye hakosi la kusema, alisema yeye ni fundi, kwake kila mtu ananuka petroli, muulize mwingine. Lakini alisema akiangalia chini. Mkate tuliula na chai. Ulikuwa laini. Mume wangu alitafuna kila tonge kwa muda, kama anatafuta kitu ndani yake, na sikumuuliza anatafuta nini.

Asubuhi aliamka saa ile ile ya mikate. Nilimsikia akivaa gizani, akipita ubavu ubavu kando ya kitanda, ingawa sasa palikuwa peupe na angeweza kupita kifua mbele. Akafika mlangoni, mkono kwenye komeo, akasimama. Nikajua amekumbuka.

"Rudi ulale kidogo," nikamwambia.

"Nitazunguka zunguka. Kule wanakojenga labda wanataka mtu wa kubeba zege."

"Kunywa chai kwanza."

"Sina njaa."

Akatoka kwa miguu. Nilisikia viatu vyake mpaka kona, na nikagundua sijawahi kuvisikia, siku zote alikuwa anaondoka na mngurumo.

Kulipopambazuka niliona kipande cha sakafu kilichoachwa wazi, kirefu, cheusi kwa oili, ukubwa wake wa kutosha mtoto kutambaa. Kijino alikiona kabla yangu. Alishuka kitandani kinyumenyume, akaweka viganja vyake hapo kwenye weusi na kuanza safari, akicheka kwa nafasi aliyoipata. Nikamnyakua, akalia. Nikamfunga mgongoni, nikafungua mlango na dirisha, nikatoa nepi, mashuka, nguo zetu zote nikaziloweka. Nikapiga magoti na brashi na sabuni na majivu. Nilisugua mpaka povu likageuka jeusi, nikalifuta, nikainama mpaka pua ikagusa saruji.

Sikusikia kitu. Nikamwaga maji mengine, nikaanza upya.